Upanga wa Kijapani uliokaa sandukuni tangu Burma: kabla hujamwita fundi

Swali la msomaji: "Babu yangu alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Burma. Alirudi na upanga wa Kijapani, na tangu hapo umekaa kwenye sanduku la bati hapa nyumbani Tanga. Ala yake ni ya mbao iliyovikwa ngozi, mpini umesukwa kwa utepe wa kahawia, na sioni namba yoyote kwenye chuma. Chuma chenyewe kina urefu wa kama sentimita 66 na kina madoa ya kutu. Fundi wa kunoa visu amesema ataung'arisha kwa mashine uwe kama kioo. Nimepata pia mafuta ya makonyo kutoka Pemba, kwa kuwa nimesikia Wajapani hupaka panga zao mafuta ya karafuu. Je, huu ni upanga wa kale wa samurai au ni wa kiwandani? Na niusafisheje?"

Jibu:

Fundi mwambie asije. Jiwe la mashine yake linafanya madhara mawili kwa mpigo: linapasha chuma joto, na linaviringisha kona. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu au ya buluu pale kwenye makali, ujue ugumu umeshaanza kutoka na haurudi. Na kona ndizo umbo lenyewe la upanga wa Kijapani. Kuna ukingo mrefu unaopita ubavuni kutoka mpini hadi karibu na ncha, unaitwa shinogi. Kuna mstari mfupi unaoukata upanga karibu na ncha, unaitwa yokote. Mng'arishaji wa Kijapani, togishi, hutumia wiki kadhaa na mfululizo wa mawe ya maji, kutoka jiwe la kukwaruza hadi vipande vyembamba kama kucha, ili kona hizo zibaki kali na nyuso zilizo kati yake zibaki zimenyooka. Mashine ikizifuta, njia pekee ya kuzirudisha ni kuondoa chuma kingine zaidi, na chuma hicho hakiko kingi. Mabapa mengi ya aina hii, yaani vyuma vyenyewe vya panga, yamefuliwa kwa ngozi ya chuma kigumu iliyofunika kiini laini. Ngozi ikiisha, kiini kinachungulia kama mabaka meusi yasiyo na sura, na upanga unaitwa uliochoka. Hakuna dawa yake.

Sasa swali lako la msingi. Ulivyoeleza, nje yake ni upanga wa jeshi, shin-gunto, wa ofisa. Jeshi la nchi kavu la Japani liliidhinisha muundo huo mwaka 1934 na likaubadilisha kidogo mwaka 1938. Ala ya mbao iliyovikwa ngozi ni vazi la uwanja wa vita, jepesi kuliko ala ya chuma. Kutokuwepo kwa namba kunaondoa uwezekano mmoja mara moja: panga za masajini, muundo wa 1935, zilitoka kiwandani na namba ya mfululizo imegongwa ubavuni mwa bapa, na mipini yake mingi ni ya aluminiamu iliyosubiwa ikapakwa rangi ifanane na mpini wa kusukwa. Wako si huo.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kuona vazi la jeshi wakadhani wamemaliza. Wanaoyajua mambo haya hutenganisha bapa na vazi lake. Ofisa wa Kijapani alijinunulia upanga mwenyewe. Asiye na kitu nyumbani alinunua bapa jipya la dukani, na aliyetoka katika ukoo wenye upanga wa mababu aliupeleka kwa fundi ukavalishwa mpini na ala za kijeshi. Kwa hiyo ndani ya vazi la 1938 unaweza kukuta bapa la mwaka 1943 lililopozwa kwenye mafuta, au bapa la karne ya 16. Jibu limefichwa ndani ya mpini, kwenye msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini.

Kuufungua si kazi ngumu, ila fuata utaratibu. Tandika blanketi mezani. Vaa glavu za pamba au shika kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho la vidole huacha alama za kutu ndani ya siku chache. Upanga ukiwa bado ndani ya ala, tafuta kwenye mpini kijiti kidogo cha mwanzi kinachopita upande hadi upande, ndicho mekugi. Kijiti hicho kimechongwa kwa mshazari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, basi kisukume kutoka upande mwembamba. Tumia kijiti cha shaba au cha mti mgumu chenye unene unaoingia tunduni, ukigonga taratibu kwa nyundo ndogo. Usitumie msumari wala bisibisi. Panga za jeshi mara nyingine zina vijiti viwili, na chache zina skurubu. Kumbuka pia kwamba nyingi zina kitufe cha springi karibu na kinga ya mkono; kibonyeze kwanza, ndipo upanga utoke alani.

Chomoa upanga makali yakiwa yameelekea juu, ukiutelezesha kwa mgongo wake ili makali yasichimbe mbao ya ala. Kisha shika mpini kwa mkono wa kushoto, bapa limesimama limeinama kidogo kutoka kwako, na upige ngumi ya kushoto kwa ngumi ya kulia pale juu ya kifundo cha mkono. Pigo fupi, lisilo la hasira. Baada ya mapigo machache bapa litalegea na kuinuka. Likigoma, pengine mbao ya mpini imevimba kwa unyevu wa pwani; lipe siku kadhaa mahali pakavu, kisha jaribu tena, au weka kipande cha mti laini kwenye kinga, karibu na bapa, na ugonge kuelekea mpini, ukigeuza upande hadi upande. Kulivuta kwa koleo ndiko kunakovunja mipini.

Kati ya mpini na bapa utakuta vipande vyembamba vya shaba, seppa, viwili, vinne, hata zaidi. Vipange mezani kwa mfuatano uleule na uvipige picha kabla hujavigusa tena. Katika panga za jeshi mara nyingi vimegongwa namba moja, na namba hiyo hiyo iko kwenye kinga. Namba zikilingana, vazi halijachanganywa.

Sasa una msuka mkononi, na hapa nakusihi kuliko mahali pengine popote: kutu yake usiiguse. Usiisugue kwa msasa, wala waya wa sufuria, wala ndimu, wala siki. Kutu ya bapa ni ugonjwa, lakini kutu ya msuka ni hati ya kuzaliwa. Msuka wa wakati wa vita huwa wa kijivu au kahawia nyepesi, na mistari ya tupa ya mfuachuma bado ni mikali. Wa karne ya 17 au 18 huwa kahawia iliyoiva, na mistari ya tupa bado inasomeka. Wa kabla ya hapo hukaribia weusi, laini, na mistari imekwisha kufifia. Ni vigumu sana kughushi rangi hiyo vizuri kwa kemikali. Kutu ya kughushi mara nyingi ni nyekundu, ina unga, na imekaa sawasawa kila mahali hata ndani ya maandishi. Wenye upanga wa thamani wamepoteza sehemu kubwa ya bei yake kwa dakika kumi za msasa kwenye msuka, kwa nia njema kabisa.

Hesabu matundu. Tundu moja ni kawaida. Mawili au matatu, hasa kama moja liko karibu na mwisho wa msuka, inaweza kuwa dalili kwamba bapa lilikuwa refu zaidi na likafupishwa kwa kukatwa upande wa msuka. Jambo hili lilifanywa sana kwa panga ndefu za zamani ili zivaliwe kiunoni. Likikatwa sana, sahihi inakatwa nalo, kwa hiyo upanga usio na sahihi usiutupe kwa kudhani hauna maana. Baadhi ya panga zinazoheshimiwa kabisa hazina sahihi.

Kama kuna maandishi, yasome kwa mwanga wa tochi uliolazwa ubavuni, chumba kikiwa na giza. Ikishindikana, nyunyiza poda ya mtoto kidogo sana, kisha ipeperushe kwa brashi laini iliyo kavu. Maandishi hushuka kutoka juu kwenda chini. Kwa kawaida huanza jimbo au mji, halafu pengine cheo, halafu jina la mfuachuma, na mara nyingi mwisho kuna alama 作, "saku", yaani "ametengeneza". Upande wa pili ndiko huwekwa tarehe. Ukiona alama mbili 昭和, hizo ni Showa, na nambari inayofuata ongeza 1925: Showa 18 ni mwaka 1943. Nambari si ngumu: moja ni mstari mmoja 一, mbili ni mistari miwili 二, tatu ni mitatu 三, kumi ni 十. Tarehe za zamani hutaja mara nyingi mwezi wa pili au wa nane hata kama kazi ilifanyika mwezi mwingine, hivyo usiujengee hoja mwezi.

Halafu tafuta mihuri midogo kwenye msuka, juu ya maandishi, karibu na bapa. Alama 関 ni ya mji wa Seki, ambako panga za jeshi zilitengenezwa kwa wingi, na alama ya 昭 ndani ya ua la mcheri ni ya kipindi hicho hicho. Mihuri hiyo huashiria bapa ambalo halikufuliwa kwa njia zote za kijadi: chuma cha kiwandani, mara nyingi limepozwa kwa mafuta badala ya maji. Muhuri wa nyota ni habari nyingine. Kuanzia 1942 jeshi liliwapa kazi wafuachuma walioidhinishwa ambao walitumia chuma cha kijadi, tamahagane, kinachoyeyushwa kutoka mchanga wa chuma, na kupoza kwa maji. Bapa lenye nyota ni la vita lakini limefuliwa kwa mkono, na wakusanyaji hulithamini.

Sahihi kubwa isikupagawishe. Kughushi sahihi kuna umri sawa na ufuachuma wenyewe. Masamune, mfuachuma maarufu kuliko wote, karibu hakuweka sahihi, kwa hiyo "Masamune" iliyochongwa vizuri kwenye msuka ni sababu ya kushuku, si ya kushangilia. Nagasone Kotetsu wa Edo, karne ya 17, ameghushiwa kiasi kwamba upanga wenye jina lake huchukuliwa kuwa bandia mpaka uthibitishwe. Sahihi hulinganishwa tindo kwa tindo: pembe ya kila pigo, kina chake, mahali mfuachuma alipogeuza mkono. Ndiyo sababu picha zako lazima ziwe kali na zipigwe zikiwa zimenyooka.

Ukimaliza msuka, rudi kwenye bapa. Zima taa zote, acha balbu moja tu, mita moja au mbili kutoka kwako. Elekeza bapa kwenye balbu na utazame pembeni kidogo ya pale mwanga unapometa. Kando ya makali utaona, chini ya kutu kama ipo, ukanda mweupe wenye mawimbi. Huo ni hamoni. Mfuachuma hupaka bapa udongo, mnene mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha hulichovya likiwa limeiva moto. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu sana, mgongo hupoa polepole na kubaki mnyumbufu, na tofauti hiyo pia ndiyo inayokamilisha mpindo wa upanga. Hamoni ya kweli ina kina. Mpaka wake una ukungu mwembamba au chembe zinazometa kama umande, na ukigeuza bapa chembe hizo huwaka na kuzimika. Hamoni ya bandia iliyochomwa kwa asidi au kusuguliwa kwa brashi ya waya ni nyeupe tupu, mpaka wake uko juu juu kama chokaa, na haibadiliki ukigeuza.

Na karafuu uliyoitaja ina maana kubwa kuliko ulivyodhani. Choji kwa Kijapani ni karafuu, na hilo ni jina pia la aina moja ya hamoni: vichwa vya duara juu ya vikonyo vyembamba, vimebanana kama karafuu kwenye shada. Wafuachuma wa Bizen, jimbo la zamani la Japani, hasa ukoo wa Ichimonji wa karne ya 13, ndio waliojulikana kwa kazi hiyo. Mtu wa Tanga au Pemba ataitambua haraka kuliko mkusanyaji wa Ulaya ambaye karafuu ameiona kwenye chupa tu, imekauka.

Lakini mafuta ya makonyo usiyapake. Mafuta yanayouzwa kwa jina la choji ni mafuta mepesi ya madini au ya mbegu, yametiwa harufu ya karafuu kidogo. Mafuta ya makonyo matupu ni kitu kikali. Yakikaa hewani hugeuka rangi na kunata, na yanaweza kuharibu laka na ngozi ya samaki iliyo chini ya utepe wa mpini (ni ngozi ya taa, samaki yule yule tunayemjua). Tumia mafuta safi ya cherehani yasiyo na nyongeza. Futa kwanza bapa kwa kitambaa laini cha pamba kisicho na mshono, kutoka mpini kwenda ncha, mgongo ukiwa kwenye kiganja na makali yakitazama nje. Kisha weka matone mawili ya mafuta kwenye kitambaa kingine na uache utando ambao kwa macho huuoni vizuri. Mafuta yakichuruzika, umezidisha. Yataingia kwenye ala na kushika vumbi. Rudia kila mwezi mmoja au miwili, na huko pwani wakati wa masika rudia mara nyingi zaidi. Msuka wenyewe unatosha kufutwa kwa kitambaa kilichokwisha kutumika, chenye mabaki tu ya mafuta.

Madoa ya kutu nyekundu kwenye bapa yapake mafuta hayo hayo na uyaache siku moja, kisha futa kwa kitambaa. Kitakachotoka kitoke, kinachobaki kiache. Ile poda nyeupe ya mawe wanayogonga Wajapani kwenye bapa, uchiko, haifai kwa bapa lenye kutu wala iwapo imetengenezwa kwa jiwe la ovyo, kwani inakwaruza.

Kagua kasoro kabla hujafikiria gharama. Pengo dogo kwenye makali linaweza kurekebishwa. Malengelenge na mipasuko inayofuata nyuzi za chuma hupunguza bei bila kuua upanga. Lakini ufa mwembamba kama unywele unaokata makali kwa wima, hagire, ni kifo: bapa lenye ufa huo halifai kupelekwa kwa togishi. Hushika giza kama mstari mweusi, na mara nyingi huonekana tu mwanga ukilala. Utafute ufa huo kwa lenzi sentimita kwa sentimita. Kosa la pili lisilotibika ni hamoni kukosekana kwenye ncha, dalili kwamba ncha iliwahi kuvunjika na kuchongwa upya. La tatu ni upanga uliowahi kuungua kwenye moto wa nyumba. Hamoni hupotea, na ukipozwa upya, kazi huonekana mbovu karibu na msuka.

Vitu vidogo visikupite. Kama kishada cha mpini kipo sandukuni, rangi yake ni cheo: kahawia na buluu ni cha luteni au kapteni, kahawia na nyekundu ni cha meja hadi kanali, na cha majenerali kina nyuzi za dhahabu. Kama kuna nembo ndogo ya fedha au shaba kwenye kichwa cha mpini, hiyo ni nembo ya ukoo, na inaongeza uwezekano kwamba bapa ni la mababu. Karatasi au kipande cha kitambaa au cha mbao chenye maandishi ya wino usikitupe hata kama kimeliwa na mchwa: panga nyingi zilizosalimishwa mwaka 1945 zilifungwa vibandiko vyenye jina la mwenyewe. Andika pia yote ambayo familia inakumbuka kuhusu babu, kikosi chake na mahali. Kwa mfano, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw, huko Burma, wakati wa mvua za 1944 na kufika Kalewa mwezi Desemba. Upanga wenye njia inayoeleweka namna hiyo ni nadra, na maelezo hayo hayawezi kutengenezwa baadaye.

Usiupeleke Japani kabla hujajua ni wa aina gani. Sheria ya huko huruhusu panga zilizofuliwa kijadi tu zisajiliwe. Bapa la vita la kiwandani likifika uwanja wa ndege halitasajiliwa, na linaweza kuharibiwa. La kijadi huandikishwa na mamlaka ya elimu ya mkoa baada ya kupita forodha na polisi, kisha linaweza kupelekwa kwenye jopo la NBTHK, taasisi ya kuhifadhi panga za Kijapani iliyoundwa mwaka 1948 wakati panga nyingi zilikuwa hatarini kuharibiwa chini ya utawala wa Wamarekani. Hati yao ya ngazi ya kwanza, Hozon, husema kuwa upanga ni wa kweli na unastahili kuhifadhiwa. Sahihi ikiwa bandia, hati haitolewi. Kung'arishwa na togishi kunalipwa kwa urefu wa bapa, na foleni ni ya miezi. Kwa bapa la kawaida la vita gharama hiyo mara nyingi huzidi thamani ya upanga, kwa hiyo libaki lilivyo, na mafuta yake.

Unapourudisha ndani ya mpini, hakikisha kijiti cha mwanzi kimekaza. Kama kimeoza, chonga kingine kutoka mwanzi mkavu mnene, wala usitumie mbao laini au msumari. Ala ikinuka uvundo, iache wazi kivulini siku kadhaa kabla hujautia upanga. Sanduku la bati hukusanya umande ndani usiku, kwa hiyo hamishia upanga kwenye kabati la mbao, ulale makali juu, mbali na ukuta wa nje.

Kwa ajili ya kuutambua, piga picha hizi: msuka mzima pande zote mbili ukiwa wima, sahihi na tarehe kwa karibu, ncha, sentimita 20 za katikati ya bapa chini ya balbu moja, na bapa zima bila mpini. Weka rula ndani ya kila picha. Pima urefu kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kigongo kidogo kilicho mgongoni, pale bapa linapogeuka msuka, bila kuhesabu msuka. Ikiwa sentimita 66 zako zilipimwa hivyo, ni katana, upanga mrefu, kwa kuwa mpaka wake wa chini ni sentimita 60.6, yaani shaku mbili kwa kipimo cha Kijapani. Pima pia mpindo: vuta uzi kutoka ncha hadi kigongo hicho, na upime nafasi kubwa kabisa kati ya uzi na mgongo, kwa milimita.